Mlango wa Tatu

Ukitaka shati lako lisimame lenyewe kama askari wa gwaride, ulimpelekea yeye. Alikuwa dobi, na wateja walimwita Mama Wanga kwa sababu ya ule wanga aliouchemsha kila asubuhi akaugandishia kola. Mgeni aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza alishtuka kidogo, maana kuna wanga wa nguo, na kuna wanga wale wanaosemekana huruka na ungo watu wakilala. Mwenyewe alicheka tu. Alisema wanga wake ni wa kola, hajawahi kumroga mtu, labda mumewe, na huyo naye alijileta mwenyewe.

Hilo la mumewe kujileta mwenyewe ndilo lililokuwa hadithi yake. Alikuwa akiisimulia huku pasi ikiteleza, mle ndani ya chumba cha mvuke, na madobi wenzake walioijua mwanzo hadi mwisho walimwitikia kama wanaitikia wimbo. Akija mfanyakazi mpya, hata kabla hajaonyeshwa sabuni inakaa wapi, wenzake walisema, mwambie ya kochi. Naye angeiegesha pasi, akajifuta jasho kwa upande wa kanga, akaanza.

Wakati huo alikuwa msichana wa nyumbani kwa mama yake, mtoto wa katikati, yule ambaye watu humwita kwa jina la dada yake mpaka akachoka kuwasahihisha. Dada yake alikuwa mzuri wa kugeuza shingo za watu. Yeye alikuwa wa kutumwa. Asubuhi moja alikuwa mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imefumuka, anasugua sufuria kwa mchanga, akaona mkokoteni unakunja kona. Juu ya mkokoteni kuna kochi la manjano, manjano ya kiini cha yai. Nyuma yake, kando ya msukuma mkokoteni, kuna kijana wa karakana ya makochi, aliyekuwa akimwona kwa mbali tu wakati wa kupita. Kijana akasimama mbele yake na mbele ya majirani wote, akamwambia, "Hili nimelishona bila kulala. Usingizi umenikataa kwa ajili yako. Kaa."

Akakaa. Mchanga wa sufuria mikononi, nusu ya nywele hewani, akakaa. Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Mama yake akamsogelea kijana akamnusa mdomo kama amekunywa, hakunusa kitu. Na yule kijana akaongea tangu asubuhi hadi jua likapinda. Alisema atajenga kiwanda, atahakikisha hakuna mgonjwa atakayekaa tena kwenye benchi la mbao, hakuna msafiri, hakuna mfungwa. Aliimba. Alivua viatu vyake mwenyewe akampa msukuma mkokoteni, akarudi kwao peku, anapunga mkono kama bwana harusi. Na bwana harusi kweli akawa, maana hata mwezi haukwisha.

Basi hiyo ndiyo hadithi ya Mama Wanga. Sehemu iliyofuata hakuisimulia sana, kwa sababu haikuwa na utamu. Fungate yake yote mumewe alilala amegeukia ukutani. Hakuwa na neno, hakuwa na njaa. Watu walisema ni homa, na yeye akaamini ni homa, akamnywesha uji kwa kijiko na kumgeuza ubavu kama mtoto. Baada ya majuma kadhaa kijana aliinuka, amekonda, mpole, akaanza kutafuta kazi, kwani kule karakana walikuwa wamemwachisha. Mama Wanga hakuuliza kwa nini. Mtu akiugua huachishwa, alijua hivyo.

Wakaishi. Mume akawa fundi wa kutegemewa, akafungua karakana yake ndogo ukuta kwa ukuta na fundi viatu. Mtoto wao wa pekee, binti, akakua, akaingia sekondari. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Kila baada ya mwaka au miwili alikuwa na kipindi cha kuinamia moyo wake, akawa mzito kama nguo iliyoloa, kisha kikapita. Mama Wanga aliviita vipindi hivyo masika ya fundi. Alijikaza kisabuni, akangoja. Na wakati wote huo, katika miaka yote ya unga na karo na paa linalovuja, alijua kwamba chini ya yule mwanamume mkimya yuko yule wa kochi, amelala tu, na iko siku ataamka.

Kisha yakaja masika yasiyopita. Fundi aliacha kwenda karakana. Aliacha kuoga. Alikaa mkononi mwa kochi la manjano pale sebuleni, viganja juu ya magoti kama mtu anayetunza mikono ya mwenzake, akasema amewachosha watu. Chakula alikizungusha mdomoni kama kamba. Binti yake alipomletea ripoti ya shule yenye alama nzuri, aliitazama, akaikunja vizuri, akamwambia akikua asiolewe na mtu wa namna hii. Siku aliposema amechoka kuamka, Mama Wanga alimvalisha shati, akamfunga viatu, akampeleka kliniki.

Tabibu wa pale alikuwa mzee mwenye sauti ya upole na foleni iliyofika getini. Alimwita fundi peke yake. Mama Wanga alibaki nje kwenye benchi, na nje hakuna aliyemwuliza kitu. Ndani, kama fundi alivyomweleza baadaye kwa maneno ya kuokoteza, mzee yule alimwuliza maswali huku akikunja vidole. Huzuni ya kutwa nzima, imepita wiki mbili? Vitu ulivyovipenda, bado unavipenda? Usingizi, chakula, nguvu, mawazo? Unajiona huna thamani? Umewaza kufa? Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaingia mkono wa pili. Akamwambia hii si homa wala uvivu, inaitwa sonona, ni ugonjwa na una dawa. Kabla ya kuandika dawa alimwuliza pia kama katika maisha yake aliwahi kuwa na siku za furaha iliyopitiliza. Fundi alitazama sakafu, akajibu kwamba hakumbuki kama aliwahi kuwa na furaha hata siku moja. Alikuwa anasema kweli. Mtu aliye ndani ya shimo hakumbuki kwamba kuna juu.

Dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi mno. Mwezi haukupita fundi akaoga bila kuambiwa, akanyoa, akapiga mluzi. Mama Wanga alikuwa uani anakamua shuka aliposikia mluzi ule, akasimama na shuka mikononi, maji yakimchuruzika miguuni, asiamini. Siku chache baadaye fundi alikuja kule kwenye ufuaji, akamvuta kutoka kwenye pasi mbele ya wateja, akamzungusha kama wanacheza muziki. Madobi wakapiga vigelegele. Mama Wanga alirudi kwenye meza yake uso unawaka, akawaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Amerudi. Yule wa kochi amerudi."

Alikuwa na haya kama mwari. Alianza kujipaka mafuta mazuri, alitoa gauni aliloliweka chini ya sanduku. Alipomkumbusha mumewe kwamba tabibu alimtaka arudi, fundi alimwuliza mtu mzima aliyepona aende hospitali kufanya nini, awasalimie? Wakacheka wote wawili. Akaliacha hapo.

Lakini mluzi haukukoma. Fundi akawa halali kabisa, na kila alfajiri yuko kama ndiyo kwanza anaanza siku. Maneno yakamtoka kwa kasi, moja linamkanyaga jingine kisigino. Alienda shuleni kwa binti yake bila kualikwa, akaingia darasani kipindi kinaendelea, akawatangazia wanafunzi kwamba atawatengenezea viti vya sponji shule nzima, kisha akaanza kuwapima viuno kwa utepe wake. Watoto walicheka mpaka wakalia. Binti yake alitoka akaenda kujificha chooni, na tangu siku hiyo akaacha kumwamkia baba yake. Karakanani, wateja waliokuja kuchukua makochi yao waliambiwa kwamba yameshachukuliwa na wenye shida zaidi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, anawagawia wapita njia.

Siku aliyoligawa la manjano, Mama Wanga alirudi kutoka kazini akakuta sebule ina alama nne tu sakafuni, pale miguu ilipokuwa. Mama mmoja muuza mboga alikuwa amepita akilalamika magoti.

"Yeye ana magoti mabovu," fundi akamweleza, akitembea huku na huku. "Sisi magoti yetu mazima. Shida iko wapi?"

Mama Wanga alikaa chini kwenye zile alama akalia. Hapo ndipo mumewe alipomtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, kama mtu anayemtazama nzi juu ya chakula, akamwambia mbele ya mtoto, "Wewe ndiye unayenirudisha nyuma. Miaka yote hii, ni wewe."

Wiki hiyo hiyo aliamua kupanua karakana. Hakumwambia mtu. Alichukua nyundo kubwa akaanza kuubomoa ukuta kati yake na fundi viatu, huyo fundi viatu akiwa upande wa pili na kiatu cha mteja mdomoni mwa cherehani. Tofali la kwanza lilipoanguka wanaume wa mtaa waliingia. Aliwashinda nguvu mara ya kwanza, mara ya pili hakuweza. Kwa kuwa hawakuwa na kamba, walimfunga kwa mikanda ya karakana yake, ile inayofumwa chini ya kochi ili mtu asizame, wakampeleka hospitali kubwa.

*

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke, bado kijana, mwenye sauti ndogo na tabia ya kungoja mtu amalize sentensi. Siku ya nne fundi akiwa wodini, amelala kwa dawa, daktari aliwaita watu wake. Walikuja wawili, Mama Wanga na mama mkwe wake, kikongwe aliyemzaa fundi, mwenye fimbo na masikio mazima kuliko ya vijana. Walikaa katika chumba chenye feni isiyozunguka na dirisha linalotazama kamba za nguo za hospitali. Mama Wanga, hata katika hali ile, aliona kwamba mashuka yale hayakusuuzwa vizuri.

Daktari aliwaeleza taratibu. Alisema alichokiona wodini hakina ubishi, hali ya mgonjwa imepanda mno, na kwa vigezo wanavyovitumia ametimiza zaidi ya vinavyohitajika. Tatizo lake lilikuwa moja. Ile dawa ya sonona yenyewe inaweza kumpandisha mtu hivi. Kwa hiyo alitaka kujua kama imesababishwa na dawa tu, au kama ni ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, ule wa kupanda na kushuka, ambao dawa imeuchokoza. Majibu hayo mawili yana matibabu mawili. Moja ni la miezi. Jingine ni la maisha.

"Mama," akamwambia Mama Wanga, "wewe umeishi naye. Kabla ya dawa hii, miaka ya nyuma, amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kawaida? Hata kama zilikuwa za furaha. Za furaha hasa ndizo watu husahau kututajia."

Na Mama Wanga akatabasamu. Kwa majuma yale alikuwa amesikia mumewe akiitwa kichaa na watoto wa barabarani, amemwona amefungwa kama mzigo, na hapa mtu wa kwanza anamwuliza kuhusu furaha yake. Alitaka daktari ajue huyu ni mtu wa namna gani kwa kweli. Akajiweka sawa kwenye kiti, akaanza hadithi yake ya kochi, na aliisimulia vizuri, labda vizuri kuliko siku zote. Sufuria, nywele nusu, mkokoteni.

Daktari alisikiliza kwa makini. Aliuliza kidogo tu. Alikuwa amekaa bila kulala kwa muda gani?

"Siku tatu, nne, alisema mwenyewe. Usingizi ulimkataa kwa ajili yangu."

"Na alionekana amechoka?"

"Amechoka? Daktari, alikuwa anang'aa."

Daktari akaandika. Akauliza kama alikuwa akiongea kuliko kawaida yake. Mama Wanga akasema aliongea kutwa, hata mate hakumeza. Mipango? Kiwanda, wafungwa wote kukaa kwenye sponji. Kugawa vitu? Viatu, alivivua pale pale. Na alijibu hivyo akicheka bado, mpaka alipogundua kwamba kila anapotaja jambo daktari anaitikia kwa kichwa kidogo, kidogo tu, na kalamu inashuka. Alikuwa ameshamwona tabibu mzee akilini mwake mara nyingi, akikunja vidole. Akaiangalia ile kalamu. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akaelewa kwamba wanachohesabu ni kitu kimoja, yeye na daktari, lakini hawahesabu kwa ajili ya jambo moja.

"Kazi yake wakati huo," daktari akauliza kwa upole zaidi, kwa sababu naye ameona. "Ilidhurika?"

"Hapana," Mama Wanga akasema.

"Walimwachisha," mama mkwe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo. "Kile kitambaa cha manjano kilikuwa cha mteja. Alikikata bila ruhusa."

Mama Wanga akamgeukia. "Mama, aliachishwa kwa sababu ya homa."

"Haikuwa homa, mwanangu." Kikongwe alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Daktari ameuliza, na mficha maradhi kilio humfichua. Nimeficha vya kutosha. Siku zile alikuwa haambiliki. Alitoka na ule mkokoteni alfajiri, mimi namfuata nyuma namsihi arudi. Akaenda kwanza kwa binti wa mwoka mikate. Baba mtu akatoka na koleo la tanuri. Akaenda kwa yule mwalimu mjane aliyekuwa amepanga karibu na kisima. Yule alimfungia mlango. Msukuma mkokoteni akawa amechoka, anamwambia, kaka, amua basi, jua linawaka. Ndipo akakunja kona ya kwenu."

Nje mtu alikuwa akianua mashuka.

"Aliwaambia nini wale?" Mama Wanga akauliza.

"Mwanangu, ya nini?"

"Aliwaambia nini, mama?"

"Kwamba usingizi umemkataa." Kikongwe hakumtazama. "Kwako mimi nilijibanza pale kwenye kona, naona aibu kusogea. Nilipoona umekaa, nilishukuru Mungu. Nilisema, huyu amekaa. Na kweli hukuinuka."

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha aliwaeleza alilopaswa kuwaeleza. Kilichotokea enzi zile kilitokea bila dawa yoyote, kilidumu, kilimgeuza akawa si yeye, kikamharibia kazi, na kikafuatiwa na kushuka. Ile homa ya fungate ilikuwa kushuka. Vile vipindi vya masika vilikuwa kushuka. Kwa hiyo jibu ni la pili, ugonjwa wa kupanda na kushuka, ambao wengine huuita bipola. Atatumia dawa maisha yake yote, atapimwa damu mara kwa mara, na akifuata hayo ataweza kurudi kazini. Alisema taarifa ya Mama Wanga ndiyo iliyosaidia sana, bila hiyo wangeweza kukosea tena. Alimshukuru.

Mama Wanga alipokea shukrani hiyo kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. Mama mkwe alipotangulia nje na fimbo yake, yeye alibaki ameshika mgongo wa kiti.

"Daktari, kwa hiyo yale yote yalikuwa ugonjwa?"

"Ile kasi ilikuwa ugonjwa. Kutolala, ahadi, kugawa viatu."

"Na mimi?"

Daktari alifikiri. Angeweza kusema neno zuri na akalipata haraka. "Hilo sijui, mama," akasema. "Nikikuambia ndiyo, au nikikuambia siyo, nitakuwa nakudanganya."

*

Kule kwenye ufuaji hakusema kitu. Baada ya wiki chache aliajiriwa msichana mpya wa kukunja nguo, na madobi kwa mazoea wakasema, mwambie ya kochi. Mama Wanga alisema pasi imepata moto sana, itaunguza. Akaendelea kupiga kola. Wenzake walitazamana, na hawakurudia tena. Mmoja wao, mtu mzima, aliyekulia mtaa ule ule, alishindwa kumtazama usoni siku nzima, na kwa hilo Mama Wanga akajua kwamba kumbe wengine walijua. Walikuwa wakiitikia hadithi yake miaka yote huku wanajua milango iliyotangulia. Hakujua kama awachukie au awashukuru. Jioni alichemsha wanga wa kesho ukamuungulia, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu aanze kazi.

Fundi alirudi nyumbani, amenenepa mashavu, mtaratibu. Dawa ilimtetemesha vidole kidogo. Uzi wa sindano ukawa unamshinda, na binti yake, ambaye bado hakumsemesha, alianza kuja karakanani baada ya masomo kumtungia uzi. Alimtungia sindano nyingi kwa mpigo, akazichomeka kwenye kipande cha sponji, akaondoka. Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Kisha siku moja alibaki akauliza kitambaa kile ni cha nani, na baba yake akamjibu, na hayo yakawa mazungumzo yao ya kwanza. Fundi alikwenda kwa wateja mmoja mmoja kuomba radhi. Kwa fundi viatu alikwenda na tofali na saruji, akaujenga ukuta mwenyewe, polepole, akipumzika kila mstari.

Mama Wanga alimtunza kama alivyomtunza siku zote. Sahani yake ilikuwa ya moto, shati lake lilinyooka. Lakini alikuwa akimtazama kwa wizi anapokula, kama mtu anayetafuta kwenye uso wa mgeni mfanano na ndugu aliyekufa.

Alivumilia, akavumilia, hadi Jumapili moja wakiwa wawili uani, yeye anaanika, fundi anamshikia beseni, swali likamtoka bila kupangwa.

"Siku ile ya mkokoteni, ulikuwa unakuja kwangu?"

Fundi hakujifanya hajaelewa. Alikaa na beseni mikononi, vidole vinatetemeka, maji yanacheza ndani.

"Nikikudanganya utajua," akasema. "Naukumbuka mkokoteni. Ile rangi naikumbuka, mpaka leo nikifumba macho naiona. Watu walikuwa wanacheka. Sura yako siku ile siikumbuki, mke wangu. Nimeitafuta, siipati. Ninachokumbuka ni nilipokuwa nimelala, na kuna mtu ananipa uji. Nilifungua macho nikakuona. Nikajiuliza, huyu ni nani ananihurumia hivi? Hapo ndipo nilipoanza kukujua."

Mwanamke mwingine angelishika neno hilo akalifunga kwenye pindo la kanga, lisianguke. Na Mama Wanga alijua kwamba ni neno kubwa, tena la kweli, na kwamba limemgharimu mumewe kulisema. Lakini kuhurumia alikuwa amewahurumia watu tangu utotoni, hiyo ilikuwa kazi aliyozaliwa nayo. Katika maisha yake yote alikuwa na asubuhi moja tu ambayo mtu alivuka mji kwa ajili yake, hana shida naye, hahitaji kufuliwa wala kulishwa, anamtaka tu. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka. Alichukua shuka lililofuata akalibana kwa kibanio, akasema, "Haya. Lete na lile la bluu."

Dawa za fundi zilikaa kwake. Daktari ndiye aliyeshauri hivyo, na kila asubuhi alimpa na kikombe cha maji. Asubuhi moja, baada ya mazungumzo yale ya uani, vidonge vilitoka kwenye kopo vikaingia mfukoni mwa aproni yake badala ya kiganja cha mumewe. Hakuwa amepanga. Kesho yake akafanya tena, na safari hii hawezi kusema hakupanga. Alienda kazini vidonge vikigongana mfukoni na vifungo vya mashati ya watu. Jioni alirudi mapema kuliko kawaida. Alisimama nje ya dirisha la nyumba yake mwenyewe, akasikiliza kama kuna mluzi.

Hakukuwa na mluzi. Fundi alikuwa ndani, anaparua mguu wa kiti kwa msasa.

Siku iliyofuata, alipokuwa anajifunga kanga atoke, fundi alimwita kutoka mezani.

"Hujanipa dawa tangu juzi."

"Nimesahau."

"Wewe husahau kitu." Hakusema kwa ukali. Alinyoosha kiganja, kikabaki pale hewani kinatetemeka. "Najua unamngoja nani. Mimi pia namkumbuka wakati mwingine. Lakini yule hakai na watu, mke wangu. Angekaa, ungekuwa naye."

Mama Wanga aliingiza mkono mfukoni. Alihesabu vinavyotakiwa, akamwekea kiganjani, akammiminia maji. Fundi akameza, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akasema asante, akarudi kwenye msasa wake.

Yeye akatoka. Alipofika kwenye ufuaji wenzake walikuwa wameshawasha majiko, na rundo la mashati ya hoteli lilikuwa linamngoja mezani kwake. Alilitazama kidogo. Akaenda nyuma, kwenye mapipa ya kusuuzia, akainamia lile la mwisho, akalia humo ndani kwa sauti, kwa kuwa pale maji yalikuwa yanamwagika kwa nguvu na hakuna ambaye angemsikia. Kisha akanawa uso, akakunja mikono ya gauni, akaanza na kola.